Klabu ya kusoma ya mabinti Dodoma: niwape riwaya gani wafungue midomo?

binti_wa_Nkuhungu (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wakuu, na wakubwa zangu wote shikamooni. Naomba ushauri ila msinicheke.

Nina kaklabu ka kusoma hapa Dodoma, wasichana kumi na nne, wengi wapo kidato cha kwanza na cha pili, wawili cha tatu, na mmoja alimaliza la saba akabaki nyumbani anamsaidia mama yake kuuza mboga pale Majengo. Tunakutana Jumamosi saa nane wakishatoka tuisheni na kuchota maji, tunakaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, na saa kumi na moja kamili kila mtu awe ameshaondoka, hayo ndo masharti ya wazazi na sijawahi kuyavunja. Mimi sio mwalimu jamani, nimesomea uhasibu, ila vitabu navipenda toka mdogo.

Sasa tatizo. Nilinunua vitabu kwa hela yangu, vile vya maadili ambavyo nyuma ya kava kumeandikwa kitamsaidia msichana kujitambua. Wanasoma, hilo silikatai. Wakija nauliza, haya, mmekionaje? Kimya. Unasikia upepo tu na vumbi lake. Halafu anatokea mmoja ananyoosha mkono, anasimama wima kabisa, anasema "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonyesha umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike." Anakaa. Wenzake wanampigia makofi. Sikujua nicheke au nilie.

Ila wakidhani siwasikii, wanasimuliana zile simulizi za mapenzi za kwenye simu, zile zinazoanza sehemu ya 1 hadi sehemu ya 60 itaendelea kesho, wanasoma usiku kwenye simu za mama zao. Hapo ndo utawajua! Huyu anasema mi yule mwanaume ningemuacha toka sehemu ya tano, mwenzie anamjibu ungemuachaje na mimba yake, mwingine anadakia mimba sio mnyororo wewe. Yaani mjadala ninaoutafuta ndo huo huo na mimi sijaualika.

Maswali yangu: riwaya zipi zinawafaa wa miaka 13 mpaka 17, za Kiswahili au Kiingereza, na hizo simulizi za simu nizipige marufuku au nikae kimya? Kuna mama mmoja ameshanifuata akaniambia nisije nikamfundisha mwanae mapenzi, kwahiyo naenda kwa tahadhari. Bajeti yangu laki na nusu, haiongezeki hata senti.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Marahaba binti. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 27, hiyo sentensi ya "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa" naifahamu vizuri sana kwasababu ni sisi tuliowakaririsha. Swali la mtihani linataka riwaya mbili, hoja tatu kwa kila riwaya, kwahiyo mtoto anafundishwa kwamba kitabu kina dhamira, kina migogoro, kina falsafa ya mwandishi, kabla hajajua kwamba ndani yake kuna watu wana njaa na wivu kama yeye. Fani na maudhui, fani na maudhui, mpaka anamaliza shule hajawahi kuulizwa kama kitabu kilimnoga.

Ushauri wangu wa kwanza: hilo neno UJUMBE lisisikike kabisa chini ya huo mwarobaini. Uliza nani amekukera humo ndani. Mi mwaka fulani nilichoka nikafanya hivyo na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, baba yao mlevi, mama ndo anahangaika na chakula cha kuuza. Nikauliza tu, hapa mwenye kosa ni nani, baba, mama, au mwalimu aliyewatoa darasani? Mama yangu! Darasa liliwaka, kuna waliomtetea mwalimu na kuna binti mmoja mpole sana wa Mlali akasema mama nae ana kosa, anamlisha mlevi. Sikulala siku hiyo kwa furaha.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi. Vitabu teule wanavikuta kidato cha tatu na cha nne, na wakishavikuta kule vinakuwa na harufu ya mtihani mpaka mwisho wa maisha. Hao wako wa cha kwanza na cha pili wape sasa hivi, kabla ya mwalimu na chaki yake. Hapo bado ni stori.

kaka_Area_C

Wape Rosa Mistika uone kama hawatafungua midomo 😂

mkutubi_wa_zamani

Kaka hapo juu umetania ila umegusa penyewe, ngoja niseme maana nimekaa kwenye kaunta ya maktaba miaka mingi na hicho kitabu nimekiazimisha mpaka kikabaki karatasi.

Rosa Mistika kilitoka 1971, mwandishi wake Euphrase Kezilahabi akiwa bado kijana kabisa, na kiliwahi kukatazwa mashuleni kwa ajili ya mambo ya ngono yaliyomo, baadaye kikaruhusiwa na kikaja kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Ni cha binti wa Ukerewe ambaye baba yake alimbana kupita kiasi, barua moja tu ya mvulana ikawa kipigo, halafu akienda shule mbali na baba hajui afanye nini na uhuru. Kwa wazazi wanaosema "usimfundishe mwanangu mapenzi" hakuna kitabu kinachowajibu vizuri kuliko hicho. LAKINI. Mdogo wangu, humo kuna kutoa mimba na kuna kujiua. Usimpe mtoto wa miaka 13 aende nacho nyumbani akasome peke yake usiku chumbani. Mimi ningewasubirisha wote chini ya 16, na hao wakubwa wakisoma uwepo, na uwe umeshakisoma chote wewe mwenyewe, sio kurasa kumi za mwanzo. Pia angalia kama kuna anayepitia jambo nyumbani, maana kitabu kama hicho kinaweza kumfungua mtu mahali ambapo wewe mhasibu huna uwezo wa kufunga. Uwe unajua mapema utampeleka kwa nani.

Wadogo waanze na Takadini cha Ben Hanson, kimetafsiriwa Kiswahili kizuri tu. Mwanamke anaitwa Sekai, amekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, anampata, mtoto ana ualbino na mila inataka auawe, mama anamchukua anatoroka nae. Hapa kwetu hakuna haja ya kumweleza mtoto kwanini hiyo stori ina maana. Kitabu kina jina la mvulana ila wasichana nilioona wanakisoma wanamfuata Sekai, huyo Takadini mwenyewe wanamkumbuka baadaye.

Na kama wanapenda muziki, Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Sio riwaya, ni maisha ya kweli, lakini msichana aliyezaliwa maskini Unguja, hajui kusoma, mpaka anafika Bombay 1928 kurekodi sahani za santuri, nani anakataa stori hiyo? Kiswahili chake kizito kidogo, msome pamoja kwa sauti.

Na hizo simulizi za simu usizipige marufuku. Ukipiga marufuku watasoma hivyo hivyo ila hawatasimuliana mbele yako, utakuwa umepoteza sikio.

Mama_Wawili_Ihumwa

Mimi ni mzazi na naomba nieleweke. Huyo mama aliyekufuata usimchukie. Sisi tunawatoa watoto Jumamosi, siku ya kufua, tunawaleta kwa mtu hata hatujui ana kitabu gani mkononi. Binti yangu mkubwa nilimkamata anasoma simulizi chooni, na tochi! Nilimchapa, sasa hivi najuta kidogo, kwasababu baada ya pale hajawahi kunisimulia kitu chochote tena, hata cha shuleni.

Ninachoomba ni kimoja. Waite wazazi siku moja, hata nusu saa, uwasomee kipande cha kitabu. Sio uwaeleze, UWASOMEE. Sisi wengine tuliishia la saba na tunapenda hadithi pia. Mkutubi hapo amesema kuna kujiua ndani ya kitabu, je ungekuja ukaniambia wewe mwenyewe kabla? Ukiniambia kabla nakuwa upande wako. Nikigundua mwenyewe ndo tutaonana wabaya.

hapakazibando

Dada mbona unahangaika, vitabu vyote hivyo vipo pidiefu kwenye magrupu ya telegramu, nikutumie? Bure kabisa laki na nusu yako ununue soda

mkutubi_wa_zamani

@hapakazibando hapana. Waandishi wetu wanakufa maskini halafu tunashangaa kwanini hakuna riwaya mpya za vijana. Hakimiliki ina sheria nchi hii. Na kwa vitendo tu, wasichana kumi na nne wenye simu za mama zao, pidiefu watasomea wapi? Karatasi inapita mkono kwa mkono, simu inarudi kwa mwenyewe saa mbili usiku.

mjukuu_wa_Chamwino

Habari zenu. Mimi nina miaka 19, nipo chuo mwaka wa kwanza, na nilikuwa kwenye klabu kama hiyo nikiwa kidato cha pili kwahiyo naomba niongee kwa niaba ya hao kumi na nne 😅

Dada, kwanza kuhusu simulizi. Watu wazima wanadhani tulikuwa tunapenda mapenzi. Haya tulipenda pia, ila kilichokuwa kinatukosesha usingizi ni ile ITAENDELEA. Ile ya kukatwa patamu, mlango unafunguliwa, anaingia nani, itaendelea kesho. Unaenda kisimani unawaza, unaosha vyombo unawaza. Sasa wewe unatupa kitabu kizima cha kurasa mia na kitu unasema tukutane Jumamosi, ni kama kupewa kazi ya nyumbani. Sisi dada yetu alikuwa na kopi moja tu kwasababu ya umaskini, akawa anasoma kwa sauti nusu saa, akifika patamu anafunga kitabu anakiweka kwenye mkoba. Tulikuwa tunamtukana kimoyomoyo. Ila Jumamosi inayofuata hakuna aliyekosa.

Pili Kiingereza. Usiogope ila usianze nacho. La saba tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, ukituletea riwaya ya Kiingereza hapo hapo tunaona ni somo lingine. Sisi tulianza nacho mwaka wa pili na Hawa the Bus Driver cha Mabala, kadogo, Kiingereza chepesi, mwanamke anaendesha basi na hachezewi. Tulicheka sana. Baadaye dada akaleta Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone. Binti anaitwa Olabisi, miaka 14, mama yake anataka akeketwe, baba hataki, kesi inafika mahakamani. Dada alisoma sentensi ya Kiingereza halafu mmoja wetu anaisema kwa Kiswahili, na mwingine akikosa neno anaisema kwa Kigogo.

Hapo niseme jambo kwa utaratibu. Dodoma sio mbali na hilo suala, utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa, asilimia 47, wakati taifa zima ilikuwa kama asilimia 10. Kwahiyo ukisoma kitabu kile mbele ya wasichana kumi na nne wa hapa, usijidanganye kwamba unasoma habari za Sierra Leone. Sisi siku ile mmoja wetu aliondoka katikati akasema anaumwa tumbo. Dada hakumfuata mbio, hakumtangaza, alimalizia ukurasa akatuaga mapema akaenda nae taratibu mpaka kwao. Sikuwahi kujua waliongea nini na haikuwa yangu kujua. Kwa hiyo kitabu kile kizuri mno lakini usikiwahishe, subiri mpaka waaminiane.

Na jiandae na maswali ya sheria, tutakuuliza. Ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 ni kosa toka sheria ya 1998. Ndoa, sheria ya 1971 inaruhusu msichana wa 15 mzazi akikubali, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hicho kifungu kinavunja katiba na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Ruhusa ya aliyepata mimba kurudi shule mfumo rasmi ilitangazwa Novemba 2021. Yule wenu anayeuza mboga hajasema kwanini aliishia la saba, si ndio? Usimuulize. Atakuja kusema mwenyewe kupitia mhusika wa kitabu, atasema "huyu ni mjinga" au "huyu nampenda" na wewe utaelewa.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Mjukuu, ungekuwa mwanafunzi wangu ningejivuna kijiji kizima.

Naongezea: kulikuwa na Tuzo ya Burt, ilikuwa inatolewa kwa riwaya za vijana za Kiingereza zilizoandikwa na Watanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ndo waliisimamia, na vitabu vilivyoshinda vilichapwa vikasambazwa sekondari. Nyingi zipo stoo zimefungwa kwenye maboksi kwa sababu mkuu wa shule anaogopa zitachanika. Nenda sekondari za kata zilizo karibu nawe kwa heshima na barua fupi, omba kuazima. Huko unaweza kubahatisha vya Nahida Esmail, kuna kimoja cha watoto wapelelezi wa Shangani kule Zanzibar wanasaka vito vilivyopotea, hakina mahubiri hata kidogo, ni kukimbizana tu kwenye vichochoro. Na maktaba ya mkoa ipo hapo hapo mjini. Laki na nusu yako usinunue vitabu kumi na nne vya aina moja, nunua vitatu vya hiki, viwili vya kile.

kaka_Area_C

Naulizia tu, wavulana je? Mdogo wangu wa kiume anasoma lebo za chupa

binti_wa_Nkuhungu

@kaka_Area_C anzisha ya kwako kaka, mwarobaini huu umejaa 😂

Wakuu nimerudi na majibu, imepita Jumamosi mbili.

Kwanza nilifuata la Mama Wawili. Niliwaita wazazi, nikategemea watano wakaja tisa, wakiwemo baba wawili. Sikutoa hotuba, nikawasomea Takadini mwanzo mwanzo, nilikuwa natetemeka sauti. Yule mama aliyenitisha akaniuliza mbele za watu, "sasa akamtoroshea wapi?" Nikamwambia mama hapo sijui, njoo wiki ijayo. Akacheka. Sikuwa nadanganya, nilikuwa nimesoma nusu tu, jamani nisameheni, nimeshamaliza sasa.

Halafu wasichana. Niliwasomea mpaka pale Sekai anaamua kwamba anaondoka na mtoto, nikafunga kitabu nikakiweka kwenye mkoba kama mjukuu alivyosema. Yaani kelele! Mmoja alisema "dada huo ni ukatili." Sikuuliza ujumbe, niliuliza swali moja tu, wewe ungemuaga nani kabla ya kuondoka? Wa kidato cha tatu, yule yule wa "amefanikiwa kwa kiasi kikubwa", akasema asingemuaga mtu, watu wanatoa siri. Mwenzie akasema lazima umuage mama yako mzazi. Na hapo muuza mboga wetu, ambaye miezi minne yote hajawahi kuongea zaidi ya shikamoo dada, akasema "mama ndo wa kwanza kukurudisha." Akanyamaza. Hakuna aliyecheka. Binti wa pembeni yake akamwambia mama yangu mi asingenirudisha, wakaanza kubishana wawili wale kwa sauti ya chini, na wengine wakajigawa huku na huku, mi nikabaki nimeshika chupa ya maji tu.

Saa kumi na moja ikafika kaka wa mmoja wao akaja kumchukua na baiskeli, akakuta bado wanabishana, akachuchumaa pale pembeni akawa anasikiliza na yeye. Tumechelewa dakika ishirini, masharti nimevunja kwa mara ya kwanza.

Shida ni kwamba nina kopi moja na watatu wameomba kuondoka nayo. Muuza mboga alikuwa wa kwanza kwahiyo amechukua yeye. Kuna mwenye ya ziada hapa mjini au jirani?

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Ninazo tatu, moja haina kava lakini kurasa zimetimia. Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la kuja huko, nitakutumia jina la basi inboksi. Mpe nauli ya soda.

Mama_Wawili_Ihumwa

Na mimi mwanangu wa pili ana miaka 14, huo mwarobaini hauwezi kumeza mtu wa kumi na tano?